Usipa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 1 Julai 1996

Baridi! Sisi watu wa Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hatukuumbwa kwa baridi ya huku milimani Maguu. Nimevaa suruali mbili, na soksi nimevaa mikononi. Tangu makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe, kahawa inanunuliwa kama vita, na kampuni yetu imeajiri vibarua wa msimu wengi kuliko vitanda. Chumbani tupo watatu: mimi, Raimundi wa Litembo, na Florian. Raimundi anakoroma. Florian anasali rozari kwa sauti mpaka mimi Mwanglikana nimeijua yote. Halafu kuna magunia. Stoo imejaa, kwa hiyo msimamizi, Mzee Hyasinti, ameleta magunia sita ya kahawa bora na kuyapanga ukutani, kando ya kitanda changu. Kahawa imepata nafasi kubwa kuliko mimi.

Dereva wa lori kaniletea barua ya mke wangu, Violet. Anakuja Jumamosi tarehe 13, atakaa wiki mbili. Anataka kukiona kwa macho yake kile chumba cha peke yangu nilichomwandikia.

Loo! Nimekwisha.

Jumanne, 2 Julai

Sikudanganya. Nilitangulia kuandika tu, kabla ya kupata. Lakini Violet hasahau. Mwaka juzi nilimwambia nimenunua baiskeli, akaja akakuta pampu. Sasa ameandika kwamba akikuta uongo tena anarudi kwa wazazi wake, na hata nikienda na wazee wa kanisa hatarudi. Namjua, akisema amesema. Nami nampenda, hapo ndipo kwenye tabu. Nina siku kumi na moja za kuwaondoa watu wawili chumbani.

Alhamisi, 4 Julai

Nimetangaza kwamba nimeona nyoka darini, mweusi, mnene. Nilitegemea wafungashe virago. Kumbe! Raimundi akachukua panga, Florian akachukua jembe, wakapanda. Wamevunja dari yote juu ya kitanda changu. Nyoka hawakumwona. Upepo sasa unaniingia kichwani moja kwa moja. Wameniahidi kwamba kesho watatafuta tena, nisiogope.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba, hakuna kazi. Wazo limenijia kanisani, wakati wa mahubiri. Usipa, dagaa wa kwetu! Watu wa milimani wamekulia maharage. Mtu wa maharage atavumilia vipi harufu ya samaki usiku kucha? Nilikwenda sokoni nikapata gunia zima la usipa kutoka ziwani, wengine hawajakauka vizuri. Hao ndio niliowataka. Nimelisukuma gunia chini ya kitanda. Cuthbert, una akili wewe!

Jumanne, 9 Julai

Harufu imekomaa. Hata mimi niliyezaliwa ufukweni nimeamka natokwa na machozi. Jioni Florian aliingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu. Akauliza kama ni usipa. Nikajibu kwa huzuni kwamba ndiyo, na kwamba akiamua kuhama sitamlaumu. Akatoka mbio. Ushindi!

Akarudi na sufuria. Nyuma yake Raimundi na nyanya. Nyuma ya Raimundi vibarua wa chumba cha pili na ugali wao. Wanasema tangu Mei hawajaonja kitu chochote isipokuwa maharage. Tulikula watu kumi na mmoja humu ndani, wanne wakiwa wamekaa kitandani kwangu. Raimundi alinikumbatia akaniita ndugu yake wa damu, akaapa kwamba msimu ujao pia atalala chumba kimoja na mimi.

Nusu gunia limebaki. Bado siku nne.

Alhamisi, 11 Julai

Balaa! Leo amekuja mwonjaji wa kahawa kutoka mjini Mbinga. Wamemfungulia magunia ya chumbani kwetu. Akanusa. Akanusa tena. Akakaanga, akasaga, akamimina maji ya moto, akafyonza kijiko kimoja, akatema kwenye kopo. Akaendelea kutema hata baada ya kijiko kuisha. Kisha akamuuliza Mzee Hyasinti kama kahawa hii imelimwa ziwani.

Ningejuaje mimi? Kahawa inanywa harufu! Kila mtoto wa huku anajua, ndiyo maana hawaweki hata kitunguu karibu nayo. Kwetu samaki wananing'inia kila nyumba na hakuna kitu kilichowahi kulalamika.

Mzee Hyasinti alitupanga mstari, akauliza ni nani. Hakuna aliyenitaja, hata mmoja. Halafu Raimundi akapiga hatua mbele, akasema harufu ile ni miguu yake. Raimundi! Mtu wa watoto wanne, angefukuzwa siku ileile. Nikasikia sauti inasema samaki ni wangu, na ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Hukumu: magunia yote sita yamwagwe kwenye vichanja yapigwe upepo mpaka mwisho wa mwezi, na mimi niyageuze kwa mikono yangu kutwa. Tena nisilale nyumba moja na watu wala kahawa. Nihamie kibanda cha zamani cha mlinzi, mteremkoni chini ya vichanja, peke yangu na samaki wangu.

Niliuliza, peke yangu? Akasema peke yangu kabisa. Nikainamisha kichwa nisionekane ninavyocheka. Mzee akadhani nalia, akanipa blanketi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefagia kibanda mara tatu. Kina mlango, dirisha na kitanda. Violet alishuka kwenye lori, nikampokea mzigo, nikamfungulia mlango kwa madaha, nikasema karibu chumbani kwangu. Akanusa.

Kumbe Florian alikuwa amempokea stendi, akapanda naye lori na kumsimulia yote njiani, pamoja na nyoka. Nilimtazama nikingoja ageuke kulifuata lori. Akauliza jambo moja tu: ni kweli nilijitaja mwenyewe, bila kukamatwa? Nikasema ni kweli. Violet akafungua mzigo, akatundika kanga zake msumarini. Alisema miaka sita ya ndoa, hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kukiri kosa mwenyewe, na kwamba atakaa wiki zote mbili. Sharti ni moja: mipango basi. Nimeapa kwa Biblia yake.

Mungu ni mwema. Hata baridi imepungua.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala kama mtoto. Violet amepika usipa waliobaki, Raimundi na Florian wamekuja kula, wakaleta maharage. Tumecheka mpaka vibarua wa chumba cha pili wakashuka kutugongea. Mimi nimekoma kabisa. Mtu mzima lazima ajifunze.

Ila nimewaza kidogo tu. Ikiwa kahawa ilinywa harufu ya samaki kwa siku nne, itashindwaje kunywa harufu nzuri? Mchaichai umeota tele nyuma ya kibanda. Magunia sita yako vichanjani, na hakuna anayeyagusa ila mimi. Huyo mwonjaji atakaporudi atameza mpaka kijiko!

Violet ameniuliza kwa nini mifuko ya koti langu imejaa majani. Nimemwambia ni ya chai.