Mtambo Wangu wa Turbo na Kompyuta ya Daktari Apaza

El Alto, 14 Oktoba

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi,

Baada ya salamu na heshima zinazostahili kiti chako, mimi ni Saturnina Calle, mpimaji wa turbo, zile feni zinazozungushwa na moshi na kuisukumia injini hewa, katika karakana ya kitivo chako kwa miaka ishirini na miwili. Nimesikia kwamba Alhamisi mtambo wangu wa majaribio utauzwa sokoni kama chuma chakavu, kwa kuwa mhadhiri wako, Daktari Rolando Apaza, ana kompyuta inayokisia ufanisi wa turbo bila kuwasha chochote. Mtambo ukiondoka, nami nimeondoka. Kwa hiyo nalalamika, kwa utaratibu:

1. Kompyuta haisemi kweli. Kila turbo niliyopima tangu Machi, mtambo wangu umeonyesha ufanisi unaoizidi kompyuta kwa asilimia tatu. Si mbili, si nne. Tatu kamili, turbo arobaini na moja mfululizo. Mheshimiwa, uongo hubadilika. Kisichobadilika ni ukweli.

2. Daktari ameiambia kompyuta kwamba moshi wa injini huingia ubavuni mwa turbo taratibu, kama maji ya bomba. Malori yanayopanda milima yetu hukohoa. Nilipomweleza, alinijibu, "Mama Satu, hicho kikohozi tumeshakipigia wastani." Marehemu baba yangu, mchimba madini, alikohoa miaka sita, na sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukusikia wastani hata siku moja.

3. Jumanne ya Karnivali kila mashine ya karakana hunyunyiziwa bia na kuvishwa karatasi za rangi, ili Pachamama, Mama Dunia wetu, ailinde. Februari iliyopita mtambo wangu niliupa chupa mbili nzima. Daktari aliifunika kompyuta yake kwa nailoni akasema, "Hii haili wala hainywi, mama, niachie." Kitu kisichokunywa na wenzake kitazijuaje siri zao?

4. Saa nne asubuhi tunapokula salteña, sambusa zetu za mchuzi, hata mtambo huzimwa upumzike. Kompyuta huendelea kukokotoa. Huko ni kujipendekeza, na kunatuharibia jina sisi watumishi wengine.

5. Naomba basi turbo ing'olewe kwenye lori la shemeji yangu Eleuterio, ifungwe kompyuta mahali pake, na lori lipande hadi kileleni likiwa na shehena ya viazi. Likifika, nitaubeba mtambo mgongoni mwenyewe mpaka sokoni. Lisipofika, Daktari ashuke asukume.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mtambo huo naupenda. Nilisimama kando yake nikiwa na mimba ya wanangu wote watatu, na yule wa mwisho alizaliwa akilia kwa sauti ileile.

Nisalimie mkeo, katibu wako Mama Nieves, walinzi wa lango, na hata Daktari Apaza, ambaye simchukii.

Mtumishi wako asiyechoka,
Saturnina Calle Poma
Mpimaji Mkuu (na wa pekee)

Nyongeza: Tangu Jumatatu Daktari yuko Cochabamba na kompyuta yake. Tafadhali mwambie arudi upesi, maana wakaguzi wanakuja kesho kuutazama mtambo ukifanya kazi, nami nimekwama. Kipimajoto cha mtambo kilikufa siku ile ya bia, na bila joto hakuna ufanisi wa kupima. Tangu hapo huwa nanakili tarakimu za Daktari na kuongeza tatu, ili zisifanane.