Spika Mbili za Kinyozi

Balaa lililetwa na redio ya Mama Kahawa. Tangazo lilisema maofisa wa baraza wanapita leo na mashine ya kupima kelele, na chombo chochote kitakachozidi kipimo kinapakiwa kwenye gari. Benchi letu limekaa katikati, kushoto saluni ya Kinyozi, kulia karakana ya Fundi Waya anayetengeneza redio. Sote tukageuka kumtazama Kinyozi.

Spika yake, kubwa kama kabati la nguo, ndiyo inayomletea wateja. Bila hiyo watu wananyoosha moja kwa moja hadi kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara, mwenye viti vya kuzunguka.

"Mimi nimeshajipanga," alisema Kinyozi. "Nimetoa besi yote. Sikilizeni."

Tukasikiliza. Mwimbaji alikuwa analia kama mbu aliyenasa chandaruani.

"Ndugu yangu, umegusa masafa tu," alisema Fundi Waya. "Kimo kiko palepale."

"Anza basi," alisema Tarumbeta, muuza mitumba ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. "Yaani mtu hawezi kusema kelele tu, mpaka aitaje na ukoo wake."

Fundi akaleta waya mrefu, akampa Tarumbeta ncha moja, akautikisa. Mawimbi yakakimbia hadi kwenye kidole cha Tarumbeta.

"Waya unapanda kiasi gani kutoka katikati? Hicho ndicho kimo, sauti kubwa au ndogo. Unapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde? Hayo masafa, sauti nene au nyembamba. Kutoka kilele hadi kilele kinachofuata, huo ni urefu wa wimbi."

"Na kelele je?" niliuliza mimi, huku nikishona soli ya kiatu cha watu.

"Unachotaka kukisikia ni ishara. Usichotaka, kinachokuharibia ishara, ndiyo kelele."

"Basi wewe ni kelele tangu saa moja asubuhi," alisema Tarumbeta.

Kinyozi hakucheka. "Jamani, mimi nanyang'anywa riziki, nyinyi mnachezea waya."

Fundi akamshika bega. "Tulia. Tunaweka spika ya pili, ipo karakanani kwangu. Wimbo uleule, ila waya zake nazigeuza. Wimbi la kwako likipanda, la kwangu linashuka. Awamu zimepingana. Yakikutana hapa kwenye benchi yanauana, na huyo ofisa anasikia kimya."

"Acha uongo," alisema Tarumbeta. "Kelele ukijumlisha na kelele ni kelele mbili. Mimi na mke wangu tukianza kubishana, mbona hatuuani sauti?"

"Kwa sababu nyinyi mnapanda pamoja na kushuka pamoja. Yenu yanajumlishana. Hata mimi nalala nimeziba masikio."

Spika zikawekwa, moja kila mlango, zikiangaliana. Fundi akapima umbali kwa hatua, akasogeza yake kidogo. Kwenye benchi wimbo ukafifia kama umefunikwa na godoro. Nilipohama hatua mbili, ukanirudia wote masikioni.

"Makubwa haya," alisema Mama Kahawa, akimwaga kahawa pembeni ya kikombe.

Mara gari la baraza likafika. Akashuka ofisa, mama mmoja mwenye miwani, na vijana wake wawili wabeba mizigo. Alikuwa anaelekea mlangoni kwa Kinyozi. Mama Kahawa akamwahi.

"Karibu mwanangu, jua kali. Kaa hapa katikati."

Ofisa akakaa, akaweka mashine magotini. Mshale ukatikisika kidogo, ukalala chini kabisa. Kinyozi akaanza kutabasamu kwa meno yote.

"Si niliwaambia?" alinong'ona Tarumbeta. "Yanauana."

Mshale ukaruka.

"Uliwaambia wewe?" alisema Fundi. "Wewe uliyeniita mwongo?"

"Niliuliza. Kuuliza si kubisha."

"Ulibisha, shahidi fundi viatu huyu hapa."

"Nisiingizwe," nilisema, na nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyopaza sauti. Mama Kahawa akapiga kelele tunyamaze, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Mshale ukagota mwisho wa kipimo.

Ofisa akavua miwani. "Muziki hauna tatizo. Nimekuja kuupima muziki, na nyinyi mnaniharibia kipimo. Hebu simameni."

Tukasimama kimya. Mshale ukashuka.

"Kaeni."

Tukakaa. Tarumbeta akasema, "Nilisema tu kwamba," na mshale ukapanda tena.

"Chombo ni benchi," alisema ofisa, akaandika.

"Lakini mama, benchi halina hata waya," alisema Kinyozi, maana yeye ndiye aliyelichonga kwa mikono yake.

"Litapata wa kulifungia garini."

Vijana wake wakalibeba benchi, likaondoka miguu juu. Kinyozi akaingia ndani, akairudisha besi yote. Wateja wakaanza kumiminika kutoka pande zote. Sisi tukabaki tumesimama palepale katikati, mahali pekee mtaani wimbo usiposikika.

"Sasa tutabishania wapi?" aliuliza Tarumbeta.