Siku Barabara ya Kimuli Ilipofupishwa

Kwa moyo wa furaha, na kwa niaba ya wananchi wote wa Karagwe, Ofisi ya Uratibu wa Magari ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Machi 1984, safari ya Kimuli, kwenda na kurudi, imepunguzwa kutoka kilomita themanini hadi sabini. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa uji mzito, kwa kuwa gundi ilikwisha tangu mwaka uliotangulia. Wananchi waliombwa kuipokea barabara mpya kwa utulivu.

Telesfori Kahigi, dereva wa Landrova ya ofisi, alilisoma tangazo mara mbili. Alikuwa ameendesha gari kwenye barabara hiyo miaka kumi na mmoja na hakuona mahali ilipokatwa. Lakini alikuwa mtu mnyenyekevu, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la jioni, na hakupenda kubishana na maandishi.

Chanzo cha maendeleo haya kilikuwa matairi. Mwezi Januari Mratibu Mkuu, Ndugu Polikarpi Rwezaura, alipishana na trekta njiani, na mwenye trekta akamsalimia huku akimtazama kutoka juu. Jambo hilo halikukubalika kiitifaki. Baada ya wiki mbili Landrova ilivuliwa matairi yake ikavishwa mengine, marefu, mapana, yenye meno makubwa ya kutafuna matope. Ndugu Rwezaura akawa anapanda garini kwa kigoda. Matairi ya zamani yalitupwa nyuma ya stoo, na kuku wakahamia humo.

Shida ikaja kwenye kitabu cha safari. Kwa matairi ya zamani gari lilikula lita kumi na sita kwenda Kimuli na kurudi, na mita ilionyesha kilomita themanini. Kwa matairi mapya mita ilionyesha sabini tu, lakini mafuta yaliyoliwa yalikuwa lita ishirini. Ofisi ilizitafakari takwimu hizi kwa kina ikafikia maamuzi mawili: barabara imefupika, na Telesfori ni mwizi.

"Kilomita sabini ni lita kumi na nne," alisema Ndugu Rwezaura. "Wewe umetumia ishirini. Lita sita ziko wapi?"

"Gari limekula, mzee."

"Gari halinenepi, Telesfori. Anayenenepa ni mtu."

Telesfori alijitazama tumboni. Mkanda wake ulikuwa tundu la mwisho. Ndugu Rwezaura, ambaye hakuvaa mkanda kwa sababu haukupatikana wa kumtosha, alimpa siku tisa ajieleze mbele ya Kamati ya ofisi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa yeye mwenyewe. Akishindwa, atafukuzwa kazi na kukabidhiwa polisi.

Mwaka ule mafuta yalikuwa adimu, na aliyetuhumiwa kuyaiba alitazamwa kama aliyeiba kengele ya kanisa. Mkewe Dafroza alianza kufunga na kuomba. Telesfori naye aliomba, tena kwa magoti, kisha akachukua kamba ya mgomba na chaki akaenda nyuma ya stoo, akawaondoa kuku kwa heshima.

Siku ya Kamati alifika amevingirisha tairi la zamani kwa mikono.

"Nimetia alama ya chaki," alisema. "Nimelivingirisha hili na moja jipya nikapima kwa kamba. Tairi jipya likizunguka mara saba, linafika pale ambapo hili la zamani hufika kwa mizunguko minane. Mita inahesabu mizunguko tu, waheshimiwa. Haina macho ya kuona njia. Safari ni ileile ya kilomita themanini."

"Na mafuta?" aliuliza Byabato, Katibu wa Kamati, mtu aliyeandika hata kikohozi.

"Haya mapya ni mazito, ni mapana, na meno yanashika ardhi. Mlimani injini inalia. Ni kama kumpandisha mtu mlima na mabuti ya mvua yaliyojaa maji."

Kisha Byabato akasimama, uso unang'aa.

"Ndugu Mwenyekiti, dereva ametusaidia! Gurudumu likizunguka mara chache, linachoka kidogo. Likichoka kidogo, linakunywa kidogo. Kwa hiyo zilizopotea si sita tu. Huenda ni nane."

"Iandikwe," alisema Ndugu Rwezaura. "Kamba je?"

"Kamba ya mgomba si kipimo cha serikali," alijibu Byabato.

Telesfori alikuwa na shahidi mmoja, Mama Speciose wa Igurwa, kijiji cha kando ya barabara hiyohiyo, aliyepeleka maharage sokoni mjini kila wiki, kikapu kichwani. Alisimamishwa mbele ya meza.

"Mama, barabara imefupika au haijafupika?" aliuliza Ndugu Rwezaura.

"Kutoka kwangu mpaka sokoni natua mzigo mara sita, baba. Jana nimetua mara sita."

"Pengine ulitua moja kwa uzembe."

"Njoo uubebe wewe, uruke moja."

Ushahidi ulikataliwa kwa kukosa nakala. Hata hivyo Kamati, kwa huruma, ilimpa Telesfori safari moja ya mwisho, ikatoa waraka. Kifungu cha kwanza: tangi la mafuta litafungwa kwa kufuli. Cha pili: mwenye ufunguo ndiye atakayejibu kwa kila lita. Cha tatu: mafuta yakiishia njiani, mwenye kujibu atayafuata kwa miguu, ili mwili wake ujifunze. Ndugu Rwezaura alitia sahihi, kisha, kwa kuwa hakumwamini mtu, akauvaa ufunguo shingoni mwake.

Safari yenyewe ilikuwa ya heshima. Habari za barabara iliyofupishwa zilikuwa zimefika mkoani, na mkoa, ambao nao una barabara ndefu, ulimtuma Bi Laurensia, mkaguzi, aje ajifunze. Asubuhi Ndugu Rwezaura alisimamia mwenyewe lita kumi na nne zikiingia kwenye tangi tupu, akafunga kufuli, akapanda kigoda. Telesfori aliinamisha kichwa kwenye usukani akaomba.

"Unaomba nini?" aliuliza Bi Laurensia.

"Kwamba niwe nimekosea, mama."

Walifika Kimuli. Hotuba ilisomwa. Watoto wa shule waliimba wimbo kuhusu kilomita. Kisha wakageuza gari kurudi, na jirani na Igurwa, kabla ya adhuhuri, Landrova ilikohoa mara mbili ikanyamaza katikati ya mlima.

Mita ilionyesha kilomita arobaini na tisa.

"Mwizi!" alipiga kelele Ndugu Rwezaura. "Umeyatoa saa ngapi?"

Bi Laurensia alishuka, akalitazama kufuli. Lilikuwa zima. Akautazama ufunguo, uliokuwa umelala juu ya tai.

"Ndugu Rwezaura, ufunguo huu umemwazima mtu?"

"Hata usingizini sijauvua!"

"Vizuri." Alifungua waraka. "Kifungu cha pili nimekielewa. Cha tatu hapa, 'kwa miguu,' ni miguu ya nani?"

Telesfori, kwa unyenyekevu, alitoa kamba yake chini ya kiti. Bi Laurensia alishika ncha moja, wakapima gurudumu, akaandika kwenye daftari lake: *Dereva hana kosa. Hapa hadi mjini, tangazo linasema kilomita ishirini na moja; kamba inasema ishirini na nne. Matairi ya zamani yarudishwe. Kuku wapewe notisi.* Kisha akamkabidhi Mratibu Mkuu dumu tupu, na kigoda, kwa kuwa kilikuwa mali ya ofisi aliyokuwa akiikalia.

Alitembea. Suti ilimbana, jua likamwandama. Mbele kidogo alimkuta Mama Speciose na kikapu chake, wakaongozana, kwa sababu mwendo wao ulilingana.

"Shikamoo, mama," alisema, akihema.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeacha gari?"

Kila mama alipotua mzigo, Ndugu Rwezaura naye alikaa kwenye kigoda. Jua lilipokuwa linaegemea vilima, wakatua tena. Kwa hesabu ya ofisi yake, muda huo alikuwa tayari mezani, anakunywa chai.

"Hii ni mara ya ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya tano."

"Si tumefika?"

"Tangazo lako limefika, baba," alisema Mama Speciose akijitwisha kikapu. "Sisi bado moja."

Ndugu Rwezaura aliinuka, dumu mkono huu na kigoda mkono huu, akaanza kuzitembea zile kilomita tatu alizokuwa amezifuta kwa sahihi yake.