Breki Zinazoshika Zimeniharibia Maisha

Mkonze, Dodoma
Machi 1993

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako ya kulishtaki soko huria, hasa ganda la waya wa breki.

Mimi ni karani, na baiskeli ndiyo inayonifikisha ofisini. Ganda la breki ya mbele lilikuwa limepasuka na kujaa vumbi. Nikiminya, lilijikunja lenyewe na gurudumu likaendelea na safari zake. Niliishi kwa amani. Jumamosi Fundi Swalihu wa Majengo akaniwekea ganda jipya la kutoka nje, gumu, akapaka waya grisi. Sasa vidole viwili tu, baiskeli imesimama. Madhara yake ni haya:

1. Zamani niliwarushia wazee "Shikamoo!" nikiwa mbioni, na wao wakasema, "Msameheni, hana breki." Sasa nasimama, naulizwa habari za nyumbani. Sina.

2. Sina kwa sababu mke wangu, Lea, amerudi kwa mama yake, chini ya mteremko ninaopita kila siku. Aliondoka baada ya mimi, na akili zangu timamu, kutangaza mbele ya wageni kuwa mboga yake ya mlenda ina mchanga. Nilikuwa nimetoka kuendesha baiskeli kwenye upepo. Mchanga ulikuwa wa meno yangu.

3. Mama mkwe husimama mlangoni kuningoja. Nilikuwa napita kwa kasi nikipaza sauti, "Ningesimama, mama, ila breki!" Juzi mbuzi akakatiza. Nikaminya kwa mazoea tu. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea hadi miguuni pake. Akanitazama, akasema, "Kumbe zinashika." Tangu hapo nazunguka njia ya mbali, nachelewa kazini, na nyumba imepoa mno.

Naiomba serikali iyapige marufuku maganda hayo. Soko huria litupe sabuni na vitenge, lakini lituachie visingizio vyetu.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa wenye baiskeli mbovu.

Wako aliyesimamishwa,
Batholomeo

N.B. Usiichapishe barua hii. Nilipokuwa naipeleka posta leo nilipita njia ile ya kwa mama mkwe, nikasimama mwenyewe, bila mbuzi. Nimemwambia Lea mchanga ulikuwa wangu. Amekubali kurudi, ila keria hapandi mpaka breki ya nyuma nayo ishike. Kwa Swalihu maganda yamekwisha. Kama huko yapo, tafadhali nitumie moja, lile gumu kabisa. Kwa sasa tunarudi kwa miguu, naikokota baiskeli, na kila mzee tunamwamkia tukiwa tumesimama.