Uzinduzi wa Daraja Lililopinda Bila Kuvunjika

Waheshimiwa viongozi mliofika, mliotuma wawakilishi na mliotuma udhuru. Masheikh wetu, wachungaji wetu, machifu na manaibu wao. Kina mama wa Kwa Charo, wazee, vijana wa bodaboda, na wewe Bwana Itifaki uliyenitafutia kiti chenye mto: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. (Makofi, hasa meza kuu.)

Mimi, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Abdulghani, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Maumbo Magumu Yanayobadilika Sana, nina furaha isiyo kifani kuzindua daraja la miguu la kuwavusha kutoka hapa hadi zahanati iliyo ng'ambo ya mkono huu wa bahari, daraja ambalo, kwa mujibu wa fremuweki yetu ya simulesheni shirikishi, limekatwa ndani ya kompyuta vipande vidogo milioni mbili, kila kipande kikapewa nambari zake, kikavutwa, kikabanwa, kikasokotwa, hata daraja zima likajikunja kama mkeka, na halikuvunjika. (Mzee mmoja anapiga mwayo.) Wapo wataalamu waoga wanaokokotoa mpindo mdogo tu, mpindo wa adabu, sisi tulipinda mpaka vipande vikapandana, kompyuta ikagoma, tukavikata upya, tukaendelea kupinda. Mafanikio ni asilimia tisini na tisa, na hiyo moja iliyobaki ni umeme ulipokatika.

(Mwanarehema, mkazi wa hapa, anasimama.) "Shikamoo, mheshimiwa. Mwanangu Salha ni mja mzito, na mwezi wake ndio huu. Mbao zetu za kuvukia mlizing'oa kupisha mradi. Uchungu ukimshika, tumpitishe wapi?"

Marahaba, mama, swali zuri sana. Ndani ya kompyuta tumewavusha waja wazito mia tisa kwa mpigo, kila mmoja na ndoo kichwani, daraja likabonyea kidogo, likarudi. Mwambie Salha awe na imani na nambari. (Minong'ono. Sauti: "Wallahi huyu bwana hana haya." Mwanarehema anaitwa nyumbani, anatoka mbio.)

Sasa semeni nami kwa sauti ya maendeleo. Daraja! (Watu wanatazamana.) Linapinda! (Sauti: "Liko wapi?") Halivunjiki! (Meza kuu: "Halivunjiki!")

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote, na kipekee namshukuru Bwana Faki, aliyenibeba mgongoni asubuhi hii akanivusha topeni, suruali yangu isiguse maji, ili nije kulizindua daraja hili. Naona maji yameanza kujaa, basi Bwana Faki asogee karibu tuanze safari ya kurudi.

(Mercyline, jirani yake Mwanarehema, anajibu.) "Faki ashakwenda, mheshimiwa. Uchungu umemshika Salha. Amembeba yeye, na mamake yuko nyuma na kanga."

Alhamdulillahi. Katibu, andika kwamba mtumiaji wa kwanza wa daraja amevuka salama. Mimi nitasubiri hapa mpaka maji yapwe.