Mgeni Anayesema Amekuja Kuangalia Tu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata mgeni! Ameshuka mchana kwenye basi dogo la kutoka mji mkuu, Chișinău, peke yake, mgongoni mkoba mkubwa kama ndama. Mwanamke wa makamo, Mfini, anaitwa Maarit. Alikuwa anaelekea lango la jirani wa ng'ambo ya barabara, Profir. Nikatupa ndoo, nikakimbia. Nikamwambia kwa Profir kuna mbwa mkali. Mbwa wa Profir alikufa mwaka juzi.

Sababu ni hii. Jumamosi ni Mtakatifu Dumitru, sikukuu ya kijiji. Kila nyumba itaandaa meza na kila mtu atachungulia wageni wa mwenzake. Profir ni kumatru wangu, yeye ndiye aliyemsimamia ubatizo binti yetu Lidia, kwa hiyo ni ndugu, sina la kufanya. Mwaka jana alikuwa na mgeni wa Bucharest aliyevaa tai. Mezani kwetu alikaa shangazi kiziwi wa mke wangu Agafia, na paka. Lidia anafanya kazi Padova, Italia, na tena mwaka huu anasema hana likizo. Safari hii nina Mfini.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Nilimuuliza amekuja kufanya nini Moldova. Akasema kuangalia tu. Kuangalia nini? Akasema chochote. Huku hata sisi wenyewe tunaondoka. Mtu halipi nauli kuja kuangalia chochote. Nitakuwa macho.

Jumanne, 4 Novemba

Anazunguka. Amepiga picha kisima, uzio wetu, bata bukini wa Profir. Anaongea lugha yetu kwa kubabaisha lakini anaelewa kila neno, hata nililomnong'oneza Agafia. Alijifunzia wapi? Anasema kwenye simu, kwa sababu kwao majira ya baridi ni marefu. Jibu lilikuwa tayari mno.

Jana jioni nilimpa mvinyo wangu. Si wa pipa la mbele, wa watu wote. Wa pipa la nyuma, uliotulia miaka mitatu. Alikunywa funda moja, macho yakamlengalenga machozi. Nilimwelewa. Akasema una nguvu, akaomba akamalizie chumbani. Asubuhi glasi ilikuwa tupu. Leo nimempa jagi zima. Nalo limerudi tupu, na mwenyewe anatembea wima kama askari. Hakuna mtu anayemaliza jagi la mvinyo wangu akatembea hivyo. Basi unakwenda wapi? Kwenye vichupa, hadi Helsinki, kupimwa.

Halafu pipa la nyuma linapungua tangu Septemba. Nilidhani ni Profir. Sasa nadhani Profir na huyu wanajuana. Nimetia kufuli ghala la chini lenye mapipa. Agafia amenuna, anasema vyakula vyake vyote vimo humo. Ameuliza mara nyingi mno ufunguo uko wapi.

Alhamisi, 6 Novemba

Ua la Agafia limekufa. Lile jekundu la kwenye chungu, dirishani mwa chumba cha mazulia, cha wageni, ambamo hatuingii sisi wenyewe na ambamo sasa analala Maarit. Limekauka kuanzia mizizini, kana kwamba limemwagiwa sumu. Agafia amelia. Nikamtazama Maarit usoni, akatazama dari. Anafanya majaribio ya kemikali humo ndani!

Nikaamua kumfumania. Nikauacha mlango wa ghala wazi kwa makusudi, nikajibanza nyuma ya pipa la kabichi. Akapita Agafia, akaona mlango uko wazi, akaufunga kwa kufuli. Nikapiga kelele. Aliyesikia ni Profir. Akainama kwenye tundu la hewa, akauliza, "Kumatru, umefungiwa au umehamia?" Nikamjibu nakagua mvinyo. Akasema, "Haya, kagua bila haraka," na yeye hakuwa na haraka ya kumwita Agafia. Jioni hii hata padri anajua.

Ijumaa, 7 Novemba

Hatari. Profir amemwalika Maarit kesho. Amekuja hadi langoni na kofia mpya, akamwambia kwake kutakuwa na mpiga akodiani. Maarit akasema atafurahi, ataanzia huko kisha aje kwetu. Kuanzia huko! Ukishakaa kwenye meza ya Profir hunyanyuki.

Ufumbuzi umenijia nikiwa nasonga ugali. Mvua haijakatika na barabara ni tope la kufika magotini. Bila mabuti hakuna anayevuka. Nimeyachukua mabuti yake ya mpira barazani, nikayaficha ndani ya tanuri la uani. Nani atafikiria kuangalia kwenye tanuri? Nalala na amani.

Jumamosi, 8 Novemba

Agafia ameamka mapema, akawasha tanuri kwa mikate ya sikukuu. Hilo sikulikumbuka. Moshi ulitoka mweusi, watu waliokuwa wakienda kanisani wakasimama. Nilisema sijui chochote. Agafia akanitazama, akaenda kuchukua mabuti yangu mapya, akampa mgeni. Mgeni akavuka tope vizuri tu. Baadaye Agafia naye akavuka, eti anakwenda kumwita. Hakurudi.

Nikakaa mezani peke yangu. Kabichi zilizokunjiwa nyama zinapoa, mikate inanuka mpira. Ng'ambo akodiani inalia na watu wanaimba. Viti vyote nilivyoazima vitupu. Na kile cha karibu na jiko, cha Lidia, ambacho Agafia hukiweka kila mwaka. Niliumia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kisha lango likafunguka. Agafia, Maarit, mpiga akodiani, nusu ya kijiji, na Profir amekumbatia dumu lake la mvinyo. Kumbe huko walimuuliza mgeni amependa nini katika nchi yetu. Akasema amependa kwamba hakuna lango unaloweza kulipita bila kulishwa. Akasema kila anayekutana naye anamuuliza amekuja kufanya nini, na hakuna hata mmoja anayemwamini. Lakini kuliko vyote, akasema, pilipili hoho za siki za Agafia. Profir hana za namna hiyo. Basi wamezifuata kwangu.

Nikasimama kupokea sifa kama mwenye nyumba. Mtu akamuuliza Agafia siki hiyo anainunua wapi. Agafia, mashavu mekundu kwa mvinyo wa Profir, akasema, "Ninunue siki ya nini? Nachota pipa la nyuma la huyu mzee wangu. Mwenyewe anaiita mvinyo."

Walicheka hadi akodiani ikanyamaza. Maarit akamshika Agafia mkono, akakiri kwamba ni yeye aliyekuwa akimwagia lile ua mvinyo wangu, jioni hadi jioni, kwa kuogopa kuniudhi. Profir akanipiga begani. "Usinune, kumatru. Mvinyo hapa kila mtu anao. Siki kama hiyo unayo wewe tu."

Katikati ya kelele Lidia akapiga simu ya video. Akaona nyumba imejaa watu, akauliza nani amefariki. Agafia akamwonyesha pilipili. Akazitazama, akaanza kulia, akasema Krismasi anakuja, likizo wampe wasimpe, na abakiziwe kopo moja. Nikakisogeza kile kiti chake karibu zaidi na moto. Sijui kwa nini, kiti hakisikii baridi.

Jumapili, 9 Novemba

Maarit ameondoka na mabuti yangu, mkoba umejaa makopo ya pilipili. Kituoni alinikumbatia, akasema ahsante kwa kila kitu. Kila kitu!

Nimekaa, nimefikiri, nimeelewa. Kuangalia tu, eti? Zilikuwa ni pilipili! Siku zote zile. Na ile hadithi ya siki nayo haiingii akilini. Kijiji kizima kuafikiana jambo moja, pasipo hata mmoja kubisha, hayo yamepangwa. Asubuhi Profir amekuja na chupa tupu, anaomba kidogo cha kutia kwenye kabichi. Mtu haombi kitu kibaya. Kwa hiyo mvinyo ni mzuri, na wanajua.

Nimetia kufuli mbili. Pilipili za Lidia hazitaguswa na mtu. Ufunguo, pamoja na shajara hii yenye siri zote, vitakaa mahali ambapo hata Profir hatafikiria: ndani ya tanuri.

Agafia ameuliza kama unga umebaki, anataka kuoka tena kesho alfajiri, maana mikate ya jana hailiki. Nimemwambia upo wa kutosha.