Betri, Ndoo ya Mchanga na Mama Mwenye Ploti

Wenzangu, leo sina uso. Mkinikuta barabarani Homa Bay nimevuta kofia mpaka puani, msiniite jina.

Mnajua mimi ni Mkuria wa Kegonga, na huku nimekodi chumba kimoja nikiendesha boda boda ya umeme. Betri yake naichomoa na kuichajia chumbani. Sasa Mama Atieno, mwenye ploti, kasikia sokoni kwamba betri hizi hulipuka. Akaniambia: "Chacha, Jumapili nikienda harusi nitapitia hapo nione vile unachaji hiyo kitu. Nikiona hatari, itoke. Na kama unaipenda sana, ufuatane nayo."

Bila pikipiki sina kazi. Bila kazi narudi kuchunga ng'ombe wa baba (ambao hata hawanipendi). Kwa hivyo leo nilijiandaa utadhani bwana harusi ni mimi.

Bahati nzuri sisi watu wa boda za umeme tulifanyiwa semina juzi. Mwalimu alijua kazi yake, ila nusu ya semina ilikuwa kwa Kijaluo. Mach hivi, mach vile, mach, mach, mach! Nikamuuliza aliyeketi kando yangu, mach ni nini? Akasema ni moto. Nikaliweka neno hilo moyoni. Kijaluo changu chote ndicho hicho (pamoja na majina ya samaki).

Basi asubuhi nikaiweka betri kwenye sakafu ya simenti, mbali na pazia, mbali na godoro. Chaja ni ileile iliyokuja nayo, si ya kuokoteza. Waya moja kwa moja ukutani, hakuna ekstensheni. Pembeni nikaweka ndoo ya mchanga. Pikipiki yenyewe nikaiosha, nikaifuta, nikaisimamisha palepale mlangoni ili Mama aanze na kitu kinachong'aa. Nilijiona nina akili sana.

Nikawasha swichi. Stima ikapotea! Ploti nzima ikaguna. Nikasema sawa, acha nikaoge, itarudi.

Bafu letu liko nje, mwisho wa ploti. Nimejipaka sabuni mpaka ndani ya masikio, namsikia Achieng, jirani yangu anayekaanga samaki pale uwanjani, akiniita.

"Chacha! Mama amefika! Ameshaingia kwako!"

"Mwambie nakuja!"

Mapema hivyo! Nikajimwagia maji kwa pupa, povu likaniingia machoni. Ndipo Achieng akapaza sauti kama kipaza cha kanisa: "Mach! Mach oduogo!" Na watoto wa ploti wote wakapiga kelele. (Walikuwa wanashangilia. Mimi nilisikia kilio.)

Neno la pili sikulijua. La kwanza nililijua vizuri mno. Moto! Betri! Na Mama Atieno yuko ndani!

Sikufikiri tena. Nikajifunga taulo, nikatoka mbio jicho moja limefumba, nikipiga mayowe: "Moto! Moto! Tokeni nje!" Majirani kusikia hivyo nao wakashtuka, wakabeba mabeseni ya maji wakanifuata. "Msimwage maji!" nikawakemea. "Betri ina stima!" (Angalau semina haikupotea bure.)

Mlangoni nikaikuta pikipiki yangu. Nikairuka. Mimi nilivuka. Taulo halikuvuka, lilinaswa na breki.

Ndani, kupitia lile povu, nikaona kitu chekundu kikubwa juu ya betri. Mungu wangu, umeshawaka! Nikanyakua ndoo nikamwaga mchanga wote.

Kile chekundu kikamwita Mungu, "Nyasaye!"

Lilikuwa gauni la harusi, na ndani yake Mama Atieno, ameinama kutazama taa ya chaja.

Ungedhani hapo ningeelewa. Wapi! Nilikuwa bado naokoa maisha. Nikamshika mkono nikamvuta kuelekea mlangoni. Mama Atieno ni mama wa haja. Kuingia, aliingia kwa upande, taratibu. Kutoka mbio ilikuwa habari nyingine. Akakwama kati ya usukani na fremu ya mlango, hatoki wala harudi. Nyonga yake ikabonyeza honi (ina kibetri chake kidogo), nayo ikalia mfululizo, kama vile wapitanjia walihitaji kuitwa. Mbele yetu ploti nzima imesimama na mabeseni.

"Chacha," Mama akasema, amefumba macho kabisa, "wewe umevaa nini?"

"Povu, Mama."

Nikaikumbatia ile ndoo tupu mahali panapostahili. Semina ilituambia ndoo ni muhimu. Haikutuambia muhimu kiasi gani.

Achieng akaja na mwiko mkononi. "Moto uko wapi?"

"Si wewe umesema mach?"

"Yawa! Nimesema mach imerudi! Stima! Kwetu stima ni mach, moto ya jikoni pia ni mach. Wewe nani alikufundisha nusu nusu?"

Beseni moja likaanguka, mwenye beseni akaketi chini kwa kicheko, na baada ya hapo sikuona mtu aliyebaki wima.

Wanaume wawili wakaivuta pikipiki nje, Mama akatoka. Akajikung'uta mchanga polepole, mabegani, kwenye kilemba. Mimi nasubiri hukumu nyuma ya ndoo.

"Betri nimeona iko sawa. Chaja iko sawa," akasema. "Lakini pikipiki mlangoni, Chacha? Kama huo mach ungekuwa mach, mimi na wewe tungekaangwa hapa kama hao samaki wa Achieng, hao ngege."

Niliwaona ng'ombe wa baba wakinitazama.

"Ile kibanda yangu ya kuku haina kuku siku hizi. Ni ya mawe, iko peke yake, ina hewa. Nitaleta fundi aweke soketi. Betri na pikipiki zikae huko."

"Kwa hivyo nabaki, Mama?"

Akanitazama (usoni tu, namshukuru). "Mimi nina watoto wakubwa, wana kazi nzuri. Sijui kama kuna mmoja angerukia ndani ya moto kunitoa. Baki. Lakini vaa nguo."

Nilifurahi nikataka kumpa mkono, nikakumbuka mikono yote ina kazi.

Akaenda zake harusini, mchanga bado unamdondoka kilembani. Sasa hivi Achieng ameniletea habari kwamba wageni wamemuuliza Mama kilichompata, na wamempa maikrofoni. Kama uko kwa hiyo harusi, nakuomba sana, cheka polepole.